Jino la Rangi ya Maji ya Chai

Fundi alipoingia maabara ya meno mjini Arusha, taji la jino lilipita mikononi mwake tangu plasta na nta hadi kung'arishwa. Siku hizi nusu ya kazi iko kwenye kompyuta: daktari anatuma picha za skana, fundi anachora jino, mashine inachonga. Teknolojia yenyewe si ya jana. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Werner Mörmann na Marco Brandestini walichonga kwa kompyuta kijazio cha kauri na mgonjwa akawekewa palepale.

Zirkonia, kauri ya kuchongea taji, huletwa ikiwa sahani ya kipenyo cha milimita 98, laini kama chaki. Taji huchongwa kubwa kupita kipimo, kisha huchomwa kwenye nyuzi 1,500 hivi hadi lisinyae na kuwa gumu. Kila sahani ina namba yake ya msinyao. Ukiingiza ya sahani nyingine, taji halikai.

Hayo mtu hufundishwa akaelewa. Kilichomtoa fundi jasho ni rangi. Kadi ya rangi ya VITA Classical, inayotumiwa na maabara nyingi duniani, ina rangi 16, na jino la mtu aliyekulia Maji ya Chai au Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, halimo. Miamba ya volkano ya mlima huo hutia floraidi kwenye chemchemi na mito, sehemu nyingine mara kadhaa ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiinywa wakati meno yanajijenga ndani ya taya, yanaweza kuota na madoa yanayogeuka kahawia baadaye. Magadi ya kuivishia maharage nayo huongeza floraidi. Kituo cha Ngurdoto huchuja maji kwa mkaa wa mifupa, ila chujio halirudi nyuma kwa meno yaliyokwisha ota.

Mzee mmoja wa Usa River aliletwa apimwe rangi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba binti. Usinipe jino jeupe, wajukuu watanicheka. Lifanane na wenzake.”

Fundi alimsogeza mlangoni, maana taa hudanganya. Alishika brashi ya nywele chache, akavuta michirizi myembamba ya kahawia kulala na upana wa taji, akadondosha weupe mkavu karibu na ncha, akalirudisha tanurini. Mzee alipojitazama kwenye kioo, ilibidi aulize ni lipi jipya.

Vijana hutaka meno sita ya mbele yawe meupe kama ya kwenye runinga. Anawatengenezea, ingawa kwa macho yake weupe ule juu ya safu ya chini ya kahawia haupendezi hata kidogo.

Kwenye fomu ya oda, chini ya umri, aliongeza swali: “Amekulia wapi?” Daktari akijaza King'ori, nako chini ya Meru, simu ya kuulizana rangi haipigwi tena. Na kwenye kabati la rangi, kichupa cha kahawia ndicho huisha kwanza.