Majina ya Mzee

Niliharibu orodha ya majina ya mzee mmoja mvuvi wa Saadani, nikajua, nikanyamaza.

Simu yake ilizama kwenye maji ya chumvi karibu na mdomo wa Mto Wami, akivua kamba. Laini ikapona. Humo mlikuwa na wanunuzi wake wa Bagamoyo na Dar, fundi mashine, wauza barafu, dada yake wa Pangani. Akaniambia, "Mwanangu, nitolee namba zangu uniandikie kwenye daftari."

Nilikuwa na bodi ya Arduino na modemu ya SIM800L. Nikaingiza laini, nikatuma AT+CPBS?, ikajibu kwamba nafasi 243 kati ya 250 zina majina. Hapo ningeomba jina moja moja, nikingoja OK kabla ya kuomba lingine. Kwa haraka zangu nikatuma AT+CPBR=1,250, yaje yote kwa mkupuo. Bafa ya Arduino hubeba baiti 64 tu, na jina moja na namba yake hula kama 40. Bodi ilipokuwa ikiandika kwenye kadi ya kumbukumbu, herufi ziliendelea kumiminika, zilizokosa nafasi zikapotea. Ubaya ni kwamba hazikuacha pengo la kuonekana: mwanzo wa mstari mmoja ulishikana na mwisho wa mwingine, namba ya huyu ikakaa kwenye jina la yule, na yote yakasomeka vizuri kabisa.

Orodha ilitoka na mistari 197. Niliiona tofauti hiyo. Nikajiambia zilizobaki ni nafasi tupu, ingawa modemu ilishanijibu kuwa zimejaa. Kisha, bila kutumwa, nikayafuta majina yote kwenye laini kwa AT+CPBW, eti nampunguzia msongamano.

Ulipotokea msiba kwao, mzee alimpigia dada yake, akapokea muuza barafu. Aliponiuliza nikasingizia mtandao. Mzee wa watu akaniamini, akatuma mtu kwa basi hadi Pangani. Dada alifika watu wameshazika.

Nilimwambia ukweli baadaye, barazani kwake, shemeji zake wakisikia. Hakunifokea. Alileta daftari. Sasa tunapiga namba moja moja, na jina haliandikwi mpaka mwenyewe ajitaje. Zile 46 ambazo hazikutoka kabisa sina pa kuzitafuta.