Kidani, Ushanga na Mhunzi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, macho yetu hukimbilia kwanza yale yanayong'aa: ngoma, mavazi na mapambo. Twakiona kidani shingoni mwa mchezaji, nasi twakisifu. Ni mara chache tunapouliza kimepita katika mikono ya nani kabla ya kufika hapo, na kama mikono hiyo nayo yapewa heshima ipewayo kidani.

Kwa miaka kadhaa nilifundisha katika shule moja ya sekondari huko Umaasaini, kaskazini ya Tanzania. Mimi si mwenyeji wa huko. Nimezaliwa na kukulia pwani. Shule ilipoandaa maonyesho ya kazi za mikono, darasa langu lilipewa jukumu la kutengeneza kidani kimoja kikubwa cha waya na ushanga. Tukaomba msaada wa watu wawili: mama mmoja aliyesifika kwa kutunga ushanga, na mzee mmoja mhunzi.

Mzee alianza na waya wa shaba nyekundu, mnene kama kijiti cha kiberiti. Aliulaza juu ya fuawe, akaupiga nyundo polepole mpaka ukawa bapa. Alitueleza kwamba shaba ikipigwa hukaza, na ikizidi kupigwa bila kupumzishwa hupasuka. Kwa hiyo kila baada ya mapigo kadhaa aliirudisha motoni hadi ikaiva wekundu hafifu, kisha akaitumbukiza majini. Wanafunzi walishangaa, maana walikwisha kujifunza kwamba chuma cha pua kikitoka motoni na kutiwa majini huwa kigumu. Shaba haifanyi hivyo; hiyo hulainika, ikawa tayari kwa nyundo tena. Vipande vilipokuwa tayari alivitoboa matundu kwa msumari, akakunja ncha kwa koleo, akavisugua kwa majivu na ndimu mpaka vikameremeta.

Ndipo likatokea jambo lililotunyamazisha sote. Mama hakuvipokea vile vipande mkononi mwa mzee. Alingoja viwekwe chini, akavipaka mafuta, kisha akavichukua. Katika mila za zamani za Wamaasai, wahunzi, waitwao ilkunono, walihesabiwa kuwa watu wa kutengwa. Waliwafulia wenzao mikuki, sime na mapambo, lakini hawakuoana nao, na kilichotoka mikononi mwao kilipakwa mafuta ili kitakaswe. Darasani alikuwamo kijana mmoja wa ukoo huo. Aliinamisha kichwa. Mzee aliokota nyundo yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mkuki wangu hakuna aliyeuogopa siku simba alipoingia bomani."

Kazi iliendelea kwa majuma matatu. Mama alitunga ushanga katika waya mwembamba, mviringo juu ya mviringo, na vile vipande bapa vya mzee vikaishika mistari isiachane wala kupandana. Mimi nilipiga hesabu pembeni: kila mviringo ukisogea nje kwa milimita 3, mzingo wake huongezeka kwa karibu milimita 19. Mama hakuhitaji hesabu yangu. Vidole vyake vilijua. Mwanafunzi alipokosea punje moja tu, aliambiwa afumue mstari mzima. Alitufundisha pia maana za rangi kama alivyofundishwa na mama yake: nyekundu ni ushujaa na damu ya ng'ombe, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni majani ya malisho.

Siku moja msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, ikiwa ushanga huu umetoka ng'ambo, kidani hiki ni chetu kwa njia gani?" Swali hilo lilistahili jibu la haki. Ni kweli kwamba ushanga wa kioo ulitoka mbali. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameukuta Kilwa, ukiwa umeletwa kwa majahazi kutoka upande wa India karne nyingi zilizopita. Katika karne ya 19, ushanga wa Venice na Bohemia ulipitia Unguja na Bagamoyo, ukachukuliwa bara na wapagazi pamoja na nguo za merikani na mizingo ya waya wa shaba. Lakini wafanyabiashara hao waligundua upesi kwamba hawakuwa na amri juu ya bei. Kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa wake, na msafara uliofika na ushanga usiopendwa mahali pale ulishindwa kununua hata chakula. Kioo kilikuwa cha mgeni. Uchaguzi, mpangilio na maana vilikuwa vya wenyeji. Hapo ndipo kidani kinapokuwa chetu.

Kidani kilipokamilika, wanafunzi walibishana juu ya kadi ya maelezo. Wengi walitaka iandikwe "Kidani cha Kimaasai" tu. Yule kijana wa ukoo wa wahunzi, ambaye kwa majuma yote matatu alikuwa hajasema neno, alisimama akauliza, "Kabila zima ndilo lililoshika nyundo?" Hakuna aliyemjibu. Tuliandika majina mawili, tukamsomea mama. Alitutaka tuyageuze: la mhunzi litangulie. "Bila waya," alisema, "ushanga ni punje za kumwagika."

Sisemi kwamba siku ile mila ya kale ilikwisha. Neno moja halifuti desturi ya vizazi. Lakini utamaduni si sanduku la kufungwa na kuhifadhiwa jinsi lilivyo. Wenye utamaduni ndio wenye haki ya kuuchambua, wakashika kinachojenga utu na kuacha kinachouvunja. Mama yule alifanya hivyo kwa sentensi moja, bila kuombwa na mgeni kama mimi.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mwanafunzi akileta darasani kinu, mkeka, ngoma au kidani, asiulizwe tu ni cha kabila gani. Aulizwe nani alikitengeneza, alijifunza kwa nani, na jirani zake humsalimuje.