Neno "na" na orodha ya darasa langu

Wapenzi wanafunzi, katika somo la nne huwa ninawafundisha kiunganishi "na". Mnakipenda kwa kuwa hakina masharti mengi: mama na mtoto, chumvi na sukari, jina na namba ya simu. Sarufi haiulizi kama vitu viwili vinastahili kukaa pamoja. Ukivitia "na" katikati, vimekwisha kuungana. Mwaka 2023 nami sikuuliza.

Ninaishi Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na jina lake linatokana na kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kuacha, kana kwamba mfungwa anaapa kuwa hatarudia tena. Sokoni hapa Kiswahili kinasikika kila kona, kwa maana wengi wetu tumetoka Kongo na Burundi. Wakati ule nilikuwa na madarasa mawili: moja hapa kambini, na jingine Lilongwe siku za Jumamosi, kila nilipopata kibali cha kutoka. La Lilongwe lilikuwa na wafanyabiashara Wamalawi wanaofuata bidhaa Tanzania, pamoja na wakimbizi waishio mjini waliotaka kuandika Kiswahili sanifu.

Ili kurahisisha usajili nilitengeneza fomu ya mtandaoni yenye maswali matatu: jina, simu, mtaa na nyumba unayoishi. Majibu yaliingia katika jedwali langu. Kisha nikaongeza programu ya tatu iliyochukua kila mstari mpya wa jedwali na kuupeleka katika kundi la darasa kwenye simu, ili mgeni akaribishwe bila mimi kuandika neno. Nilijivunia sana mtambo huo. Fomu haikuwa na kosa, jedwali halikuwa na kosa, wala kundi.

Mwezi Machi mwaka ule Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei polisi walianza kuwakusanya watu mjini. Katika majuma hayo ya wasiwasi mama mmoja mwenye asili ya Bukavu, muuza vitenge, alijaza fomu yangu. Dakika ile ile jina lake, simu yake na nyumba yake vilisomwa na kundi zima, wakiwamo watu waliokwisha kuacha masomo na ambao hata mimi nilikuwa nimewasahau. Alinipigia usiku. "Mwalimu, ni nani alikupa ruhusa ya kuambia watu kwenye naishi?" (Ndivyo tusemavyo Kivu, katika mtihani andikeni "ninapoishi".) Nilifuta ujumbe, lakini ulikuwa umesomwa. Usiku huo huo akahamia kwa jamaa yake.

Baadaye nilijifunza kwamba ofisi kubwa zina jina la kile nilichokosa: sera za kuzuia uvujaji wa data. Katika mfumo wa Microsoft uitwao Power Platform, kila kiungo kati ya programu mbili kinaitwa kwa neno lile lile la sarufi, kiunganishi, na msimamizi anavigawa viunganishi hivyo katika makundi matatu: vya kazi, visivyo vya kazi, na vilivyozuiwa. Cha kazi na kisicho cha kazi haviruhusiwi kukutana katika mtiririko mmoja. Laiti jedwali langu lingewekwa upande mmoja na kundi la simu upande mwingine, mtambo wangu ungekataliwa kabla ya kufanya kazi. Nawaomba mzingatie jambo moja: kiunganishi kipya kisichopangwa na mtu huingia chenyewe katika kundi la visivyo vya kazi, isipokuwa msimamizi awe amebadilisha mpangilio huo. Kwa hiyo hata asiyechagua amechaguliwa. Tena sera hiyo haisomi yaliyomo; inatazama tu nani anaungana na nani. Mtu akipiga picha ya skrini, haina habari.

Sisi wa Dzaleka tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengi. Mwishoni mwa 2013 UNHCR ilifanya hapa majaribio ya mfumo wake mpya wa kuandikisha watu kwa alama za vidole na mboni za macho. Mwaka 2015 shirika hilo lilitoa sera ya kulinda taarifa binafsi, inayodai kwamba taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa. Hata hivyo, Juni 2021 Human Rights Watch ilieleza jinsi taarifa za Warohingya zilizokusanywa katika kambi za Bangladesh zilivyofika kwa serikali ya Myanmar, nchi waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuombwa ridhaa. Sina uwezo wa kuamua ugomvi huo. Ninachokiona ni njia: kutoka mkono mmoja hadi wa pili, na kutoka wa pili hadi wa tatu, ambao mwenye jina hakuufikiria alipoketi mbele ya mashine.

Malawi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024, inayosimamiwa na MACRA. Mkimbizi naye ana jina na simu, kwa hiyo ninaisoma kama sheria yangu pia, ingawa lugha yake ya kisheria inanichosha.

Fomu yangu ya muhula huu ina maswali mawili tu, na majibu yanaishia katika jedwali. Wageni ninawakaribisha mwenyewe, tena kwa kuchelewa, kama mlivyokwisha kulalamika.

Yule mama hatimaye alirudishwa Dzaleka. Tunakutana sokoni. Hunisalimu "Shikamoo, mwalimu", nami huitikia, kisha hunionyesha vitenge vyake. Darasani hajarudi.