Tupac wa Daftari

Tupac tunayemjua Nairobi ni yule wa matatu: bandana kichwani, kifua wazi, macho ya mtu asiyeogopa. Kitabu cha The Rose That Grew from Concrete kina Tupac mwingine, kijana anayeandika kwamba yuko mpweke, ameachwa na msichana, na ana wasiwasi juu ya mamake.

Mashairi hayo aliyaandika kati ya 1989 na 1991, kabla albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now, haijatoka. Alikuwa ametoka Baltimore, alikosomea shule ya sanaa, akahamia California, na huko akajiunga na kikundi cha uandishi cha Leila Steinberg, ambaye pia alikuja kuwa meneja wake. Steinberg ndiye aliyeyatunza mashairi. Tupac alifariki Septemba 13, 1996, siku chache baada ya kupigwa risasi Las Vegas. Alikuwa na miaka 25. Kitabu kilitoka 1999, dibaji ikiwa ya mamake, Afeni Shakur.

Tuseme ukweli: si mashairi yote ni makali. Mengine yana vina vya kulazimisha, ya mapenzi ya shule kabisa. Lakini kuna la Mandela, kuna la mchoraji Van Gogh, na waliokichapa walifanya jambo moja la maana: kando ya maandishi ya chapa waliweka mwandiko wake mwenyewe. Unaona "2" na "U" miaka mingi kabla sisi hatujaanza kuandika hivyo kwenye simu. Pale ambapo Mwingereza angeandika "I", yeye alichora jicho. Hakuna aliyemsahihisha.

Wapo wanaosema marehemu hakuulizwa, basi daftari lake liachwe. Hoja hiyo ina uzito. Ila mashairi haya hayakuwa siri tupu. Yanatoka enzi ya kikundi ambacho watu walisomeana kazi zao. Na kama yangefichwa, tungebaki na yule wa matatu peke yake.

Nalifikiria hili kwa sababu kwangu kuna daftari la rafiki yangu. Alikuwa anarap mtaani, akafariki na miaka 22. Mamake anataka tutoe kijitabu. Wasee wa kikundi chetu wanasema tuchague mistari ya kuchapa watu tu, zile za kulia kulia tuziache, asije akachekwa na hayupo kujitetea.

Mimi nimekataa. Mistari mikali alitupatia mwenyewe akiwa hai. Kila mtu pale base anaijua kwa kichwa. Tusichokuwa nacho ni yule aliyeandika usiku kwamba anaogopa kesho. Tukimtoa huyo, vijana watakaosoma watadhani wao ndio waoga wa kwanza mtaani.

Kwa hivyo kurasa tutazipiga picha zilivyo, na makosa yake ya herufi, na pale alipokata maneno. Tulianza kwa kumsomea mamake daftari zima, sauti juu, jikoni kwake. Shairi moja ameomba lisitoke, libaki lake. Hilo tumemwachia.