Kabla Hujabonyeza "Tuma"



Leo shela na hina tunaviweka pembeni kidogo. Tuna jambo lililotuuma hapa dukani kwetu Mwanza.

Harusi za kabla ya Ramadhani zilikuwa zinafuatana, tukatangaza nafasi ya fundi wa magauni. Tuliomba barua pepe na picha tatu za kazi. Binti mmoja wa Ukerewe alituma gauni lenye shanga zilizopangwa vizuri mno. Tukamjibu siku ileile. Kimya. Namba ya simu hakuandika. Tulisubiri wiki nzima, tukamchukua mwingine.

Wiki tatu baadaye akashuka kwenye meli ya Nansio, bahasha mkononi, kuuliza kama barua yake ilifika. Kumbe aliituma kwa anwani ya duka la stesheneri, na jibu letu lilibaki hukohuko, hakuna aliyemwambia. Alilia, nasi tukakosa la kusema.

Tukakaa naye, tukamfungulia anwani yake kwenye simu yake. Tuliyomwambia ndiyo haya:

Anwani iwe yako, yenye jina lako, si jina la utani. Neno la siri lijue wewe. Kisha ifungue kila siku.

Kichwa cha barua usikiache wazi. Andika nafasi unayoomba na jina lako kamili.

Usitume CV bila neno. Salamu, mistari michache kuhusu unachokiweza, na namba ya simu inayopatikana.

Ambatisha vyeti kwanza, anwani ya unayemtumia iandike mwisho. Hata kidole kikiteleza, barua haitaondoka nusu.

Ukitumia barua ya zamani, angalia jina la mwajiri. Yuko aliyetuandikia kwamba ana hamu ya kufanya kazi katika hoteli yetu!

Bibi harusi, kama umeanza kujiita kwa jina la mume, kwenye maombi tumia jina lililo kwenye vyeti. La baba yako bado ni lako.

Na soma tangazo hadi mwisho. Kazi nyingi za serikali huombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira; huko barua pepe haikusaidii.

Riziki ni ya Allah, wala hatusemi kuwa anwani ndiyo inayoileta. Ila tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutegemee.

Binti yule, kazi ikituzidi, tunampa shanga azishonee kwao Nansio. Si sawa na ajira aliyoikosa, na kila tukifungua barua pepe tunamkumbuka.

Allah atufungulie sote milango ya halali. Amin.