Sikio Ambalo Sikulitazama



Asubuhi moja nilimsimamisha mwanafunzi wangu juani kwa saa nzima kwa kuwa alichelewa mstarini. Alikuwa mtu mwenye ualbino. Wachelewaji wote walipata adhabu hiyohiyo, nami nikaamini kwamba kuwatendea wote sawasawa ndiyo haki. Wakati huo nilikuwa nikifundisha uraia pamoja na Kiswahili hapa Uganda.

Miezi michache baadaye alitujia muuguzi wa magonjwa ya ngozi. Ni Mganda, lakini alinisalimu kwa Kiswahili safi. Nilipomwuliza alikokipata, alinijibu kwamba ni Moshi, alikosomea kazi yake katika kituo cha mafunzo kilichoko kwenye hospitali ya KCMC. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1992, na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Uchunguzi wake haukuhitaji mashine kubwa. Alimketisha kijana karibu na dirisha, akaanza utosini: ngozi ya kichwa, paji la uso, midomo, shingo, mikono. Alipofika kwenye ukingo wa sikio la kushoto, vidole vyake vilisimama. Palikuwa na kipande kikavu, chenye kukwaruza kama msasa.

"Ni kigaga tu," kijana alisema. "Hutoka, kisha hurudi."

Kwa miaka miwili alikuwa ameketi dawati la mbele, hatua mbili kutoka nilipo, kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Sikuwahi kulitazama sikio lile.

Muuguzi alinieleza kwamba ngozi yenye melanini haba haina kinga ya kutosha dhidi ya mionzi ya jua. Madhara hujilimbikiza tangu utotoni, hasa kichwani na shingoni. Kigaga cha namna ile bado si saratani, ila kikiachwa chaweza kuwa saratani. Alimpeleka hospitalini, kikagandishwa kwa nitrojeni yenye baridi kali. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawe usidhani kwamba maneno haya hayakuhusu kwa kuwa ngozi yako ni nyeusi. Mimi nilidhani hivyo, hadi muuguzi aliponiamuru nivue viatu. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa, lakini nyayo, viganja na sehemu zilizo chini ya kucha zaweza kupatwa na saratani hatari iitwayo melanoma. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa saratani ya aina hiyo iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Basi jizoeze kujikagua mara moja kila mwezi, mahali penye mwanga mzuri. Tazama nyayo, viganja, kucha na katikati ya vidole. Mgongo mwachie nduguyo akutazamie. Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, baka linalobadilika umbo au rangi, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, usingoje maumivu. Nenda kituo cha afya. Mtu mwenye ualbino aliagizwa na muuguzi wetu kuonwa na mtaalamu kila baada ya miezi 6, na katikati ya safari hizo avae kofia pana na mikono mirefu, ajipake na mafuta ya kukinga jua.

Shuleni tulibadili mambo mawili. Mstari wa asubuhi ulihamishiwa chini ya mwembe, na kanuni ya sare iliyokataza kofia ilifutwa. Kijana nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa maana mbele yao ndipo nilipomsimamisha.

Wewe unayejifunza Kiswahili, zingatia pia jambo hili. Mwite "mtu mwenye ualbino". Neno "zeruzeru" humdhalilisha. Tena angalia jinsi kitenzi "kuangalia" kilivyozaa nomino "uangalizi", yaani utunzaji. Katika lugha yetu, kumwangalia mtu ni kumwona na ni kumtunza pia. Nililifundisha neno hilo darasani kwa miaka mingi kabla ya muuguzi yule kunionyesha maana yake dirishani.