Hoja ya Ulimi na Hoja ya Debe



Nitakayoyaeleza hapa si sifa yangu bali ni aibu yangu. Nayaandika kwa kuwa nachelea tulio wengi tuna maradhi haya.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ni kununua na kuuza mazao. Katika ujana wangu, miaka ya 1980, mihadhara ya kulinganisha dini ilienea sana nchini mwetu. Tukisikiliza kanda za Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, na kitabu cha Ngariba na Kawemba, Uislamu katika Biblia, kilichotoka mwaka 1987, nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Nikawa sikutani na Mkristo ila nimtolee hoja.

Mwaka 2017 nilikwenda Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kununua mbaazi. Mji huo uko katika barabara kuu ya Arusha na Dodoma, kando ya ziwa lenye viboko. Adhana na kengele ya kanisa husikika humo pamoja: Warangi wengi ni Waislamu, na miongoni mwa Wagorowa na Wairaqw wamo Wakristo wengi. Ulikuwa mwaka wa dhiki kwa wakulima, maana mwezi wa Agosti India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, na bei ikaanguka.

Nilinunua kwa mzee mmoja wa Kigorowa, mzee wa kanisa, aliyekuwa akidaiwa fedha za trekta lililomlimia shamba. Jioni tukakutana mkahawani, nami sikumwachia. Nikamwuliza: Ikiwa Isa ni Mungu, alipokuwa akisujudu na kuomba, akimwomba nani? Mzee akajibu alivyoweza. Nikamwongezea hoja ya pili na ya tatu, vijana wakacheka, nami kifua kikanijaa. Akanywa chai yake taratibu, kisha akasema:

"Shehe, maneno yako nimeyasikia, na mengine sina jawabu. Nami nikuulize moja tu. Huyo Mungu wako mmoja, debe lako analiona?"

Ndugu zangu, nalitamani ardhi inimeze. Debe letu lilikuwa limegongwa nyundo kitako hata likatuna kwa nje, na juu yake tukijaza mpaka kilele. Nalikuwa nikijua. Nikijiambia ndiyo desturi ya soko, na wanunuzi wote wafanya hivyo.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka Nabii Shuaib A.S. alivyotumwa kwa watu wa Madyan. Aliwaita wamwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na papo hapo akawakataza kupunguza vipimo. Hakufanya tauhidi kuwa darasa la msikitini na pishi kuwa shauri la sokoni. Wito ulikuwa mmoja. Nikakumbuka pia kwamba Mtume wetu S.A.W. aliitwa Al-Amin kabla ya kupewa utume, na kwamba usiku wa Hijra, nao Makureshi wametaka kumwua, alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe amana za watu wa Makka. Ulimi wake na mkono wake vilisema neno moja. Wangu vilikuwa vikipingana.

Asubuhi nililijaza debe lile na kulipima kwa mizani. Kila debe lilizidi kiasi cha kilo mbili. Kwa debe 54 nilizochukua kwake, nilikuwa nimemnyang'anya zaidi ya gunia zima. Nikaenda kwake nikamlipa fedha za ziada ile, nikamwomba radhi mbele ya wanawe. Wengine niliowapunja niliwatafuta. Baadhi yao sikuwapata, na deni hilo lingali shingoni mwangu.

Mzee yule hakusilimu. Alizihesabu fedha, akamwita mkewe alete chai, tukaendelea kujadiliana. Yeye alibaki na itikadi yake nami na yangu. Lakini safari hii alinisikiliza, nami nilimsikiliza.

Sisemi tuache kujadiliana na Wakristo. Kwamba Isa bin Maryam ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, hilo hatulifichi wala hatulipunguzi. Lakini Qur'ani imetuamrisha tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora, na njia bora haiishi katika upole wa maneno. Jirani yetu Mkristo hatasoma vitabu vyetu kwanza. Atasoma mizani yetu, ujira tunaompa mtumishi wa nyumbani, na deni tunalolipa au tunalolikimbia.

Basi, ndugu yangu, kabla hujamfunulia mtu Biblia yake, ligeuze kwanza debe lako ukitazame kitako chake.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapunguza, na atuwezeshe kuyarudisha kabla ya siku ambayo mizani haitakuwa mikononi mwetu. Amin.